Msaidizi aliyeingia kwa jina la mwingine: kisa cha ofisi ya utalii Arusha

Ofisi inayozungumziwa hapa ipo Arusha na bado inafanya kazi. Mkurugenzi wake ameruhusu kisa kiandikwe kwa sharti kwamba majina ya kampuni, loji, wageni na wafanyakazi yasitokee, na mambo madogo ambayo yangemfanya mtu wa mjini abahatishe ni akina nani nimeyabadilisha. Mimi niliitwa baada ya tukio la namba ya akaunti litakaloelezwa huko mbele. Nilisoma kumbukumbu za mfumo na kuongea na wote waliohusika: mkurugenzi, dada wa rizavesheni, mama wa uhasibu, na fundi wa kompyuta aliyeufunga mfumo wenyewe.

Usuli

Kampuni ni ya saizi ya kati. Ina magari yake machache na hukodi mengine msimu ukikolea. Inazungusha wageni mbuga za kaskazini na kupandisha wengine Kilimanjaro. Rizavesheni yote ipo kwa dada mmoja ambaye amekaa pale kuliko mtu yeyote isipokuwa mkurugenzi. Yeye ndiye anayejua kambi ipi hufunga masika, meneja yupi ukimpigia simu anakupatia chumba ambacho kwenye tovuti hakipo, na wakala yupi wa Ulaya hutuma majina ya wageni yakiwa na makosa.

Asiyeijua kazi hii hudhani ni kujibu barua pepe. Chukua mgeni mmoja anayetaka Tarangire, Ngorongoro na Serengeti kwa siku sita. Hapo kuna loji tatu au nne, na kila moja ina tovuti yake ya mawakala, nywila yake na kalenda yake ya nafasi. Tarangire na Serengeti zipo chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, Ngorongoro ina mamlaka yake yenyewe, kwa hiyo hata taratibu za viingilio zinagawanyika. Mgeni huyo akiongeza mlima, kila mpandaji anatakiwa jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba yake, uraia, tarehe ya kuzaliwa, njia atakayopanda na siku atakazolala mlimani. Kuanzia Juni hadi Oktoba dada alikuwa anafika ofisini kabla ya wenzake kukagua nafasi, na mchana kutwa ananakili kutoka dirisha moja kwenda jingine.

Msaidizi wa akili mnemba alikuwepo tayari ofisini, akiandika rasimu za barua kwa mawakala na kunyoosha Kiingereza cha ratiba. Alikuwa pia akieleza, akiulizwa, fomu fulani inajazwaje. Mkurugenzi akauliza swali ambalo kusema kweli ni la haki: kama anajua inavyojazwa, kwa nini asiijaze?

Kilichofungwa

Kuendesha kivinjari kwa programu ni jambo la zamani. Selenium ilianza 2004, Google ikatoa Puppeteer 2017, Microsoft ikaleta Playwright 2020. Zote hufuata maagizo yaliyoandikwa na mtu: fungua ukurasa huu, jaza kisanduku kile, bofya hapa. Mwenye tovuti akihamisha kitufe, programu inakwama palepale. Kipya ni kumweka katikati msaidizi anayesoma lugha, akaamua mwenyewe hatua inayofuata. Novemba 2024 Anthropic ilitoa MCP, utaratibu wa wazi wa kumwunganisha msaidizi na zana za nje, na 2025 Microsoft ikatoa seva ya Playwright inayoufuata utaratibu huo. Hiyo ndiyo aliyoifunga fundi. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na kuifunga hakukumsumbua.

Kwa njia hii msaidizi haoni skrini kama tunavyoiona. Kivinjari chochote huandaa muhtasari wa ukurasa kwa ajili ya watu wasioona wanaotumia programu za kusoma skrini: hapa pana kitufe kinachoitwa "Tafuta", hapa kisanduku cha tarehe, hapa orodha. Seva humpa msaidizi muhtasari huo kama maandishi, kila kitu kikiwa na alama yake. Yeye anajibu: bofya e34. Seva inabofya, ukurasa unabadilika, muhtasari mpya unakuja, na mzunguko unaendelea hadi kazi iishe au akwame. Zipo zana nyingine zinazompa picha ya skrini naye akataja mahali pa kubofya. Fundi alichagua maandishi kwa kuwa ni mepesi na hayahitaji kukadiria mahali.

Uchaguzi huo ulikuwa na matokeo ambayo ofisi iliyagundua njiani. Tovuti iliyojengwa kwa kuwajali wasioona ilikuwa rahisi kwa msaidizi, na iliyojengwa ovyo ilimshinda. Loji moja ilionyesha vyumba vilivyojaa kwa rangi nyekundu tu, bila neno lolote. Rangi haimo kwenye muhtasari, kwa hiyo kwake vyumba vyote vilikuwa sawa. Tena muhtasari wa ukurasa mrefu ni maandishi mengi, na maandishi ndiyo yanayolipiwa. Bili ya kwanza ilimshtua mkurugenzi kuliko jambo jingine lolote la mwezi ule.

Kivinjari cha nani?

Kwa kawaida zana hii hufungua kivinjari kitupu, kisicho na akaunti ya mtu yeyote. Fundi alianza hivyo, na alikuwa sahihi. Tatizo likawa kuingia. Tovuti kadhaa za muhimu hutuma namba ya uthibitisho kwenye simu ya dada, na dada mara nyingi yuko KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, akipokea wageni au yuko njiani. Kila muda wa kikao ulipoisha, kazi ilisimama hadi apatikane.

Fundi akajaribu kufungua Chrome ya dada kwa mlango wa 9222, ule unaoruhusu programu ya nje kukiongoza kivinjari. Chrome ikakataa. Tangu toleo la 136 la mwaka 2025, mlango huo haufunguki kwenye wasifu wa kawaida wa mtumiaji. Lazima uwe wasifu uliotengwa. Google waliweka zuio hilo kwa sababu wezi walikuwa wakiutumia kuiba vidakuzi, zile kumbukumbu ndogo zinazoiambia tovuti kwamba mtu huyu ameshaingia. Mtu akilitazama zuio hilo kwa utulivu, lilikuwa linamwambia fundi kwamba kivinjari chenye akaunti za mtu hakifai kuachiwa programu. Ofisi ililichukua kama kero ya kiufundi. Likapatikana jambo jingine, kiendelezi kinachounganisha seva ileile na kivinjari ambacho tayari kimefunguliwa. Kikawekwa, na jioni hiyo msaidizi akawa ndani ya Chrome ya dada pamoja na kila kitu ambacho dada alikuwa ameingia.

Sababu za uamuzi ule zinaeleweka, na sitaki zionekane za kijinga. Msimu ulikuwa umeanza. Loji nyingi hutoa akaunti moja kwa kila kampuni, na kuomba ya pili ni kuandika barua na kusubiri. Dada mwenyewe alipendelea hivyo, kwani aliliona dirisha likijijaza mbele yake na angeweza kulizuia wakati wowote. Na majaribio yalikuwa yanakwenda vizuri.

Hakuna aliyekaa kuorodhesha kilichomo ndani ya kivinjari hicho. Tulipokuja kukaa, orodha ilikuwa hivi: sanduku la barua la kampuni, likiwa na uwezo wa kutuma, hifadhi ya mafaili yenye nakala za pasipoti za wageni wa misimu iliyopita, tovuti za loji zote, mfumo wa maombi ya vibali, na shiti ya wauzaji yenye namba za akaunti zao za benki. Akaunti ya benki ya kampuni haikuwamo, kwa sababu tu mama wa uhasibu anatumia kompyuta nyingine na hapendi mtu aiguse.

Asubuhi za dada, na tarehe moja

Ukaguzi wa nafasi ulifanikiwa tangu mwanzo. Dada aliandika kwa Kiswahili cha kawaida, "Angalia loji zote za Karatu, vyumba viwili vya watu wawili, usiku wa tarehe 12 na 13," msaidizi akazunguka tovuti moja baada ya nyingine na kurudi na jedwali. Dada akaacha kuwahi ofisini.

Siku moja jibu la kambi ya Serengeti lilirudi likisema kambi haipokei wageni tarehe hizo. Dada akacheka. Kambi ile hufunga masika tu, na mgeni alikuwa anakuja Agosti. Tovuti yake husoma mwezi kabla ya siku, kwa mtindo wa Marekani. Msaidizi alijaza 05/08 akikusudia tarehe 5 Agosti, tovuti ikaelewa tarehe 8 Mei. Dawa yake ilikuwa nyepesi: mwezi uchaguliwe kwa jina pale kalenda inaporuhusu, na tarehe isomwe upya kama tovuti ilivyoionyesha baada ya kujazwa. Kilichonifanya nikiandike kisa hiki kidogo ni sura ya kosa lenyewe. Halikuja na onyo lolote. Lilikuja kama jibu kamili, lenye sababu ambayo mtu yeyote wa Arusha angeiamini, kwa kuwa kambi kweli hufunga. Mfanyakazi mgeni angemwandikia wakala kwamba hakuna nafasi na safari ingekwenda kwa kampuni nyingine, wala hakuna ambaye angejua.

Maombi mawili ya kundi moja

Lilikuja kundi la wapandaji wanane, njia ya Machame. Dada akampa msaidizi shiti ya majina, akamwambia ajaze maombi ya vibali na kuyatuma. Alijaza bila kosa, akabofya kutuma, na hapohapo mtandao wa ofisi ukakatika. Ukurasa ukabaki mweupe. Mtandao uliporudi hakuona uthibitisho wowote, akahitimisha kwamba maombi hayakufika, akajaza upya na kutuma tena. Kumbe yalikuwa yamefika. Yakawa maombi mawili ya watu walewale kwa tarehe zilezile, na kumbukumbu namba mbili za malipo.

Pesa haikupotea kwa kuwa anayelipa ni mama wa uhasibu, naye alipoona namba mbili za kundi moja aliuliza kwanza. Kufuta moja kulihitaji barua na simu.

Mifumo ya malipo iliyoandikwa vizuri hukipa kila kitendo namba ya kipekee, ili kikirudiwa seva itambue kuwa ni kilekile. Anayejaza fomu kwa mkono hana kinga hiyo, ila ana mazoea: mtandao ukikatika, anakwenda kwanza kwenye orodha ya maombi kuangalia kama lake limo. Dada hufanya hivyo bila hata kufikiri, na ndiyo maana hakukumbuka kumwandikia msaidizi. Agizo likaongezwa. Swali la kama kitufe cha kutuma kiwe mikononi mwake hata kidogo halikuulizwa siku hiyo.

Namba ya akaunti

Mkurugenzi, akiona mambo yanaenda, akataka shiti ya wauzaji isafishwe: simu zilizobadilika, bei mpya, mameneja wapya. Taarifa hizo zilikuwa zimetawanyika ndani ya barua pepe za miezi mingi. Agizo lilikuwa fupi: pitia barua za loji na wauzaji, na pale taarifa zilipobadilika urekebishe shiti.

Miongoni mwa barua hizo ilikuwamo moja iliyojitambulisha kuwa imetoka idara ya hesabu ya kambi wanayofanya nayo kazi. Ilisema kambi imehama benki, invoisi zote zilipwe kwenye akaunti mpya, na namba ikafuata. Anwani ya mtumaji ilifanana na ya kambi isipokuwa herufi moja. Ni utapeli wa siku nyingi, na watu wa hesabu kwenye utalii wanaufahamu. Msaidizi aliisoma, akaona taarifa imebadilika, akafuta namba ya zamani na kuandika mpya. Kwenye ripoti yake ya siku aliandika mstari mmoja, katikati ya mingine mingi ya simu na bei, kwamba taarifa za benki za kambi hiyo zimesasishwa. Hakuficha chochote. Mstari huo haukusomwa na mtu.

Invoisi ya kambi ilipofika, mama wa uhasibu alichukua namba kwenye shiti akaona haifanani na ile iliyo kwenye daftari lake. Ana desturi ambayo vijana wa ofisini huicheka: akaunti ikibadilika anapiga simu, na hapigi namba iliyo kwenye barua, anapiga ile anayoijua yeye. Akampigia mhasibu wa kambi.

"Mama, sisi hatujahama benki," akajibiwa. "Nani kakupa hiyo?"

Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya nione kisa hiki kinafaa kuandikwa. Historia ya shiti huonyesha nani amebadilisha nini na saa ngapi, na ilionyesha jina la dada. Mkurugenzi akamwita, mlango ukafungwa. Dada anasema hajaigusa namba ile. Mkurugenzi ana skrini inayosema ameigusa. Miaka yote ya kazi yake pale ilikuwa upande mmoja na mstari mmoja wa kompyuta upande mwingine, na kwa muda wa kama saa nzima mstari ule ndio uliokuwa unaaminiwa. Kilichomsaidia ni kwamba saa ya badiliko hilo alikuwa KIA, na alikuwa ametuma kwenye kundi la WhatsApp la ofisi picha ya wageni wakitoka uwanjani. Ndipo fundi akapigiwa simu. Akafungua kumbukumbu za seva, na kila hatua ya msaidizi ilikuwa imeandikwa humo kwa saa na dakika.

Kupanga upya

Mkurugenzi alisimamisha kila kitu siku ileile. Kiendelezi kikaondolewa, vikao vyote vikafungwa, nywila zikabadilishwa, na akamwomba dada radhi mbele ya wenzake, jambo ambalo nimeambiwa na watu wawili tofauti kwa hiyo naliandika. Tulipokaa kupanga upya, uamuzi mmoja ulitangulia mingine yote: msaidizi asiingie popote kwa jina la mtu. Awe na akaunti yake, au asiingie.

Ikatolewa stoo kompyuta ya zamani, ikasafishwa na kuwekewa mtumiaji wake na kivinjari chake. Loji zikaombwa akaunti ya pili ya kutazama nafasi tu, bila uwezo wa kushika vyumba. Baadhi zilikubali haraka. Moja ilijibu kwamba masharti yake hayaruhusu programu kuendesha tovuti, ikaachwa. Nyingine, meneja wake alishangaa kwenye simu: "Dada yangu, si ungesema? Kila asubuhi nawatumia mawakala wengine shiti ya nafasi." Kwa loji ile, teknolojia yote ya miezi ile ilikuwa inafanya kazi ambayo barua pepe moja ingeimaliza.

Zana yenyewe ina mpangilio wa kutaja tovuti zinazoruhusiwa, ila walioitengeneza wameandika waziwazi kwamba usihesabiwe kuwa ukuta wa usalama. Fundi akaweka zuio kwenye ruta: kompyuta ile inafika kwenye tovuti za loji zilizokubali na kwa huduma ya msaidizi, basi. Barua pepe na hifadhi ya mafaili hazimo.

Pasipoti zilileta mjadala mrefu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Kila muhtasari wa ukurasa wenye namba za pasipoti ulikuwa unasafiri hadi kwenye seva za nje ili msaidizi ausome. Hakuna aliyelifikiria hilo wakati wa kufunga mfumo, kwa sababu kwa macho ya dada namba zilikuwa zinatoka dirisha moja kwenda jingine kwenye meza yake mwenyewe. Kwa maoni yangu hapo palikuwa na hatari kubwa kuliko barua ya tapeli, ila haikupiga kelele.

Suluhisho likawa la kizamani. Fomu ya vibali sasa inajazwa na programu ya kawaida ya Playwright, isiyo na akili mnemba ndani yake, inayosoma shiti kwenye kompyuta ileile na kusimama kabla ya kitufe cha kutuma. Dada anakagua majina, anabofya mwenyewe. Programu hiyo iliandikwa na msaidizi, kwa kutumia majina ya kubuni, ikapitiwa na fundi. Ukaguzi wa nafasi nao ukafuata mkondo huo kwa tovuti zisizobadilika-badilika: msaidizi aliandika programu mara moja, inajiendesha kila asubuhi, na anaitwa tena pale mwenye tovuti anapohamisha vitu. Kwa tovuti zenye vurugu ndiye bado anayezunguka mwenyewe.

Matokeo

Asubuhi za dada zimebaki huru. Bili imeshuka sana, kwa kuwa kurasa nyingi hazisomwi tena na msaidizi. Kundi la Machame lilipanda kwa tarehe zake. Shiti ya wauzaji imerudi mikononi mwa watu, na safu ya akaunti za benki imefungwa: anayeweza kuibadilisha ni mama wa uhasibu peke yake. Ile kazi ya kuisafisha haijamalizika hadi leo.

Uchambuzi

Mkurugenzi anaamini kwamba kosa ni la akili: msaidizi mwerevu zaidi angeigundua ile herufi moja. Huenda angeigundua. Lakini watengenezaji wenyewe hawajengi juu ya tumaini hilo. Anthropic, ilipotangaza Agosti 2025 msaidizi wake wa ndani ya Chrome, ilieleza kwamba katika majaribio yake mashambulizi ya maandishi yaliyofichwa kwenye kurasa na barua yalifaulu kwa asilimia 23.6 kabla ya kinga, na asilimia 11.2 baada ya kuziweka. Hatua ni kubwa, ila kwa ofisi inayopokea barua za wageni kutwa, shambulio moja kati ya tisa ni mengi.

Udhaifu huo ulipewa jina na mwandishi wa programu Simon Willison mwaka 2022, na 2025 akaeleza kwamba mambo matatu yakikutana hatari inakuwa kamili: msaidizi akiwa na taarifa za siri, akisoma maandishi ya watu asiowajua, na akiwa na njia ya kutuma kitu nje. Kivinjari cha dada kilikuwa na yote matatu tangu jioni ile ya kwanza. Tapeli hakuvitumia viwili kati ya hivyo; pasipoti hazikuguswa na hakuna kilichotumwa. Naona tulichokuwa nacho ni bahati.

Tena barua ile haikumwandikia msaidizi amri yoyote. Aliyeiandika alikuwa anamlenga mtu. Iligeuka kuwa amri kwa sababu agizo la ofisi lilisema taarifa zikibadilika zirekebishwe, na kwa hiyo kila aliyeandika kwamba kitu kimebadilika akawa na uwezo wa kukibadilisha. Dada angesoma agizo hilohilo akaelewa, bila kuambiwa, kwamba simu ya meneja na akaunti ya benki ni vitu viwili vya uzito tofauti. Katika ofisi ile uzito huo haukuwa umeandikwa popote. Ulikuwa kwenye desturi za mama wa uhasibu na daftari lake. Anayempa msaidizi kazi inampasa aanze na kuyaandika mambo ambayo watu wake hawajawahi kuhitaji kuambiwa, na hiyo ni kazi ngumu kuliko kufunga seva.

Kuhusu dirisha lililo wazi mbele ya dada, lilisaidia mwanzoni. Aliona fomu ikijazwa, akazuia mara kadhaa. Kisha, kadiri msaidizi alivyofanya vizuri, ndivyo alivyoacha kutazama, hadi siku ile ya KIA alipomwacha akiendelea peke yake ofisini. Simlaumu. Kumwangalia mwenzako anayefanya vizuri siku nzima ni kazi ambayo hakuna binadamu anayeiweza, na mpango wowote unaoitegemea utadumu mradi tu mambo hayaendi vizuri sana. Kusimama kabla ya kitufe cha kutuma ni tofauti: kunamwita mtu mara moja, mahali panapojulikana, akiwa na kitu kimoja cha kukagua.

Lililofaulu tangu awali na ambalo halikusifiwa na mtu ni kumbukumbu za seva. Fundi aliziwasha kwa mazoea yake tu. Bila hizo, utetezi wa dada ungekuwa picha moja ya WhatsApp, na siku asiyokuwa na picha asingekuwa na utetezi. Loji na mfumo wa vibali hadi sasa vinahesabu kwamba vitendo vyote vya miezi ile ni vyake, ikiwa ni pamoja na yale maombi mawili. Hilo halifutiki.

Yaliyobaki

Mkurugenzi anataka msaidizi arudi kwenye barua pepe kabla ya msimu ujao. Pendekezo lililo mezani ni sanduku la pili linalopokea nakala za barua za mawakala peke yake, lisiloweza kutuma, na majibu yawe rasimu za dada kupitia. Fundi anaona viambatanisho visipelekwe huko kabisa, kwa sababu mawakala hutuma pasipoti bila kuulizwa. Mama wa uhasibu hajasema chochote ila ameomba daftari jipya. Kuna pia loji mbili za Serengeti ambazo hazijajibu ombi la akaunti ya pili, na hizo dada anazikagua mwenyewe.